Herufi za Karani

Bi Fruma alifika karakana yangu, Mtaa wa Kijabe,
mvua ya Aprili ikiwa imemlowesha hadi magotini,
amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi la mtoto.
"Sikuletei ushone," akasema. "Nakuletea upime.
Nataka sanduku. Mchwa wameanza kunusa."

Nikanawa mikono. Akasema, nawa tena.
Nikanawa tena.

Akalikunjua gombo juu ya meza ninapokatia majalada
na pua yangu ikayatangulia macho:
ngozi ya mbuzi.
Baba alichuna mbuzi Kiamaiko miaka kumi na tisa,
naijua ngozi iliyoharakishwa.
Hii ilingojewa.
Imeungwa kwa kano, pande kwa pande,
kama watoto walioshikana mikono kuvuka barabara.

Nikauliza kama hizo ndizo herufi za babu zao wa kwanza.
Akacheka hadi miwani ikateleza.
"Hizi? Hizi ni za karani."

Za kwanza zilikuwa nyingine, akasema, zenye pembe na mikia.
Kisha Babeli akaichoma nyumba ya Mungu
akawaswaga waandishi pamoja na wahunzi,
na kabla majivu hayajapoa moyoni
Mwajemi akaja akammeza Babeli,
na shayiri yake, na risiti zake, na barua zake za posta
zote zikaandikwa hivi, kwa herufi za mraba.
Mtu akisimama kila siku kwenye dirisha la kodi
mkono wake huzoea mwandiko wa dirishani.
Ndipo wakalitia humo
Jina la Yule asiyemlipa mtu kodi.

Nikamkumbuka babu na kipande chake shingoni.
Yeye alisema Ndeti, karani akaandika Ndete.
Hadi leo sisi ni akina Ndete.

"Na wale wa kaskazini," akaongeza, kana kwamba nimeuliza,
"Ashuru aliwachukua mapema.
Hao hata risiti hatuna."

Mvua ikapiga mabati. Hakuigusa ngozi kwa kidole,
alifuata mistari kwa kijiti, akinong'ona, akiruka, akirudi.
Alipotawala Myunani, akasema,
watoto wa Iskanderia walikuwa wakiota kwa Kiyunani.
Wazee wakatafsiri. Wengine walifanya karamu,
wengine wakafunga siku nzima kwa huzuni,
wote wakasoma.
Mimi nina Mutheu wangu:
namwamkia kwa Kikamba, ananijibu kwa Sheng,
na bado najua ameniitikia.

"Na Mrumi?"
Akanionyesha nafasi katikati ya maneno,
nyeupe, pana, isiyo na wino.
"Aliichoma ile nyumba ya pili.
Tangu hapo tunakaa humu."

Nikapima. Sentimita tisini na mbili, na kidogo.
Nikashauri mwerezi wa Nyandarua, mchwa hawauwezi.
Akanyamaza.
"Ile nyumba nayo ilikuwa ya mwerezi," akasema.
"Iliwaka vizuri sana."
Halafu akaulizia bei, akaipunguza kwa ustadi,
akalifunga gombo ndani ya blanketi lenye bata wa manjano
na kutoka bila mwavuli.

Nilibaki na kitabu cha risiti.
*Sanduku moja. Mwerezi. Bawaba sita. Amelipa nusu.*
Nikaisoma kama mtu aliyeletewa maandishi ya mgeni.
Lugha hii nayo iliwahi kutoka kulia kwenda kushoto
kama gombo lake, kwa herufi zilizovuka bahari,
kabla ya wenye ofisi kuja na kalamu zao.
Hii *S*, hii *m*, hii *A*,
ni za nani?
Mrumi amekufa, majeshi yake yamekufa, farasi pia,
na mkono wake uko hapa, Mtaa wa Kijabe,
unaandika deni la Bi Fruma.

Nikachana nakala, nikaitundika msumarini.
Nikanawa mikono mara ya tatu,
sijui kwa nini,
nikaenda kutafuta ubao.